Uzi: Kutoka wakili mwajiriwa hadi mbia wa kampuni, kwa tulio Malindi na Lamu

WakiliWaMalindi (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum na salamu kwa wote. Vijana kadhaa walioapishwa karibuni, ambao sasa wameajiriwa katika kampuni za uwakili hapa Malindi na kule Amu (Lamu), wamekuwa wakiniuliza mtu afanye nini ili siku moja aitwe awe mbia, yaani mmoja wa wenye kampuni, badala ya kubaki mwajiriwa mpaka mvi zimuote. Nimeona nijibu hapa kwa urefu, kwa sababu majibu tunayopeana tukisubiri kesi ziitwe ni mafupi mno, na mengi yake yanahusu ufasaha wa kuzungumza mbele ya hakimu, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito mdogo kuliko vijana wanavyodhani.

Msimamo wangu ni huu: wabia hawamchukui mtu kwa sababu amekaa miaka mingi, wala kwa sababu anajua kujenga hoja. Humchukua yule ambaye wakimwachia faili, mteja na pesa za mteja, wao wanalala usingizi. Faili na mteja wengi hujifunza wenyewe kadiri siku zinavyokwenda. Pesa ndizo wanazokaa nazo mbali, na ndizo zinazowakwamisha.

Hatua za mwanzo zinajulikana, nami nitazipitia upesi. Baada ya shahada ya sheria, mtu huingia Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, hukaa miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 5, hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, kisha huwasilisha ombi kwa Jaji Mkuu, akaapishwa na kutia sahihi katika Orodha ya Mawakili. Kila mwaka lazima achukue cheti kipya cha kufanya kazi, kwa kuwa cha zamani hukoma tarehe 31 Desemba. Hata hivyo, kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili hakimruhusu kufungua ofisi yake mara moja. Ni lazima kwanza afanye kazi ya mshahara kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo, ama katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ama katika shirika lililoidhinishwa, ama kwa wakili aliyejitegemea kwa miaka 5 au zaidi.

Miaka hiyo 2 wengi huihesabu kama kifungo, na hapo ndipo nafasi inapopotea. Wakili mwajiriwa huamka, hupewa faili tatu au nne za kwenda kutajwa mahakamani, huomba tarehe nyingine, hurudi ofisini, huandika barua mbili, siku imekwisha. Akiishi hivyo kwa miaka 5 atakuwa amegusa faili nyingi mno bila kuijua hata moja tangu mteja alipoingia mlangoni mpaka alipotoka na haki yake. Ushauri wangu ni kuomba, kwa adabu lakini bila kuchoka, faili chache za kubeba mwanzo hadi mwisho, hata zikiwa ndogo.

Nitoe mfano wa mauzo ya shamba pale Mambrui, kwa sababu ardhi ndiyo inayolisha kampuni nyingi za huku kwetu. Mwenye kazi yake huanza kwa kuomba taarifa rasmi ya hati kwa msajili wa ardhi, lakini haishii hapo; huenda shambani kwa miguu yake. Hati nyingi za Pwani zina asili yake katika Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, na karatasi inaweza kuwa safi ilhali shamba limekaliwa na familia zilizozikana hapo kwa vizazi, au pana nyumba bila ardhi, ambapo kuta ni za mtu mmoja na udongo ni wa mwingine. Baada ya hapo huuliza kama ni ardhi ya kilimo inayohitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kama mke au mume wa muuzaji ameridhia, na kama mnunuzi ni raia, kwa kuwa kifungu cha 65 cha Katiba hakimpi asiye raia zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Malipo ya awali, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, ni lazima yajulikane yanashikwa na nani na kwa masharti gani. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, na mteja aambiwe mapema, si siku anayotakiwa kulipa.

Katikati ya kazi hiyo kuna jambo ambalo humtofautisha mwajiriwa na mbia kuliko mengine yote, nalo ni ahadi ya kitaaluma. Wakili wa muuzaji huachia hati halisi kwa sababu wakili wa mnunuzi ameahidi kwa maandishi kwamba salio litalipwa usajili ukikamilika. Ahadi hiyo si maneno ya heshima. Chini ya Amri ya 52 kanuni ya 7 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, Mahakama Kuu inaweza kumwamuru wakili aitimize, hata kama mteja wake amemgeuka. Wakili mwajiriwa anayeandika ahadi kama hiyo bila idhini ya wabia amewaingiza wote katika deni. Yule anayekuja na rasimu akaeleza pesa ziko wapi, zimethibitishwa vipi na benki, na ni tukio gani litakalofungua malipo, huyo tayari anafikiri kama mbia.

Sasa pesa zenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi yetu mali yenyewe si yetu. Kanuni za hesabu za mawakili zinataka pesa za mteja zikae katika akaunti ya wateja, mbali na za kampuni, na ada haiwezi kutolewa humo kabla mteja hajapelekewa bili au maandishi ya kiasi kinachodaiwa na kujulishwa kwamba pesa zake zitatumika kuilipa. Mwombe mhasibu wa ofisi akuonyeshe leja ya mteja mmoja ambaye wewe mwenyewe unamshughulikia. Utaona kilichoingia, kilichotoka, na salio, na utaanza kuuliza maswali ambayo hukuwahi kuyauliza.

Kisha jifunze kuisoma bili. Chukua ada ya shilingi 200,000 katika kampuni iliyosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani. Kodi hiyo ya asilimia 16 ni shilingi 32,000, kwa hiyo mteja hudaiwa 232,000, lakini zile 32,000 si za kampuni hata siku moja. Mteja ambaye sheria inamtaka azuie kodi hukata asilimia 5 ya ada, yaani 10,000, akazipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru kwa niaba yenu. Katika 190,000 zinazobaki mna pango, mishahara ya makarani, vyeti vya mwaka vya mawakili wote, nauli na mengineyo, tena baada ya mteja kulipa, maana wengine hawalipi. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mawakili kinakuzuia kumshtaki mteja kwa ada mpaka mwezi mmoja upite tangu apelekewe bili yenye sahihi ya wakili au ya mbia wa kampuni. Mwajiriwa anayefunga faili akaandaa bili iliyo sawa wiki hiyo hiyo ana thamani kubwa kuliko anayeshinda kesi akaiacha bili mpaka mteja asahau alisaidiwa nini.

Kuhusu wateja sitasema mengi. Malindi ni mji mdogo; mwenye hoteli, mfanyakazi aliyefukuzwa hotelini na Mwitaliano mwenye nyumba ufukweni wote wanaweza kupita mlango mmoja katika mwezi mmoja, hivyo ukaguzi wa mgongano wa maslahi ni lazima ufanyike kabla hamjaketi na mtu. Mteja anayekujia wewe binafsi, mlete ofisini na afunguliwe faili ya kampuni. Kazi za pembeni, zinazofanywa jioni kwa muhuri wa mwajiri au bila muhuri kabisa, zimewafungia vijana hodari mlango wa ubia, na zikijulikana haziponi.

Karani Mstaafu

Mwanangu, umesema kweli, nami naomba kuongeza ya masjala, kwa sababu ndiko nilikokula ujana wangu. Sisi makarani tulikuwa tukiwajua wabia wa kesho kabla wabia wenyewe hawajawajua, na tuliwajua kwa shajara zao. Wakili wa namna hiyo, faili ikifunguliwa tu, huandika juu ya jalada siku ambayo madai yatakufa: kesi ya ajali miaka 3, mkataba miaka 6, kurejesha ardhi miaka 12, na ikiwa aliyegonga ni gari la serikali, basi ni miezi 12 peke yake. Hukumu ikitoka, hahesabu kwa kichwa. Huandika hapo hapo siku 30 za kwenda Mahakama Kuu kutoka kwa hakimu, au siku 14 za notisi ya kwenda Mahakama ya Rufaa.

La pili ni adabu. Siku hizi nyaraka hupelekwa kwa mtandao, lakini faili ikikosekana bado anatafutwa mtu. Wakili anayemfokea karani mbele ya wateja hupata msaada wa lazima tu, na kampuni ikimfanya mbia, makarani wazuri huanza kutafuta kazi kwingine.

WakiliWaMalindi

Ahsante sana mzee wangu. Hilo la miezi 12 ningependa kila mwanagenzi aliandike ukutani, kwa sababu mtu wetu akigongwa hukaa hospitali, kisha hukaa nyumbani akiuguzwa, kisha familia hujadiliana, na mwaka unakuwa umekwisha kabla hajavuka kizingiti cha ofisi.

MwanaAmu

Shikamoo dada. Mimi ni wakili mwajiriwa wa kampuni yenye makao makuu Malindi, na nimeulizwa kama nitakubali kusimamia tawi la Lamu. Ninavutiwa, kwa kuwa ni kwetu, lakini nina hofu. Mashauri yetu ya Mahakama Kuu hupelekwa Garsen, na kufika huko ni kuvuka kwa boti hadi Mokowe kisha kushika njia ya Witu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 mengi husikilizwa kwa video, na tangu Machi 2024 Idara ya Mahakama imeeneza uwasilishaji wa nyaraka kwa mtandao nchi nzima, lakini wateja wangu ni wavuvi, wenye nyumba za urithi na akina mama wenye mashauri kwa Kadhi, na ada zao ni ndogo. Je, tawi ni njia ya kuelekea kwenye ubia, au ni njia ya kusahauliwa?

WakiliWaMalindi

Marahaba mdogo wangu. Laweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na kitakachoamua ni maandishi utakayoyapata kabla ya kupanda boti.

Faida yake kwanza. Anayeendesha tawi huona biashara nzima kwa macho yake: pango linalipwa lini, mteja gani anadaiwa, karani gani anahitaji mafunzo. Mwenzako aliyebaki Malindi anaweza kuchukua miaka 10 kuyaona hayo. Kazi ya Amu pia ina kina, hata kama ada ni ndogo. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka hayo, na shauri moja la urithi wa nyumba ya mji wa kale linaweza kukufundisha mirathi, usajili wa ardhi na masharti ya uhifadhi kwa pamoja, maana mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001.

Wala usiwadharau wavuvi kama wateja. Ombi la kikatiba kuhusu bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2012, na ni mwaka 2018 ambapo Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Sitaji hilo kwa ajili ya ukubwa wa kiasi. Nalitaja kwa sababu shauri la wadai wengi namna hiyo, linalochukua miaka 6 katika mahakama ya kwanza, linahitaji wakili anayeweza kukaa barazani na watu wale wale, mwaka baada ya mwaka, akawaeleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kilichoamuliwa kwa Kiingereza, asiahidi asichokuwa nacho, na asiwapoteze njiani. Kampuni yenye mtu wa namna hiyo haimwachi aende.

Masharti yako yawe matatu. Mapato na matumizi ya tawi yawe na hesabu yake ndani ya vitabu vya kampuni, nawe uione kila mwezi. Ijulikane kwa maandishi ni nani anayeidhinisha malipo kutoka akaunti ya wateja kwa kazi za tawi, usije ukabeba lawama ya pesa usizozigusa. Na kiandikwe kipindi, tuseme miaka 3, ambacho kikiisha wabia watakaa nawe kuzungumzia ubia kwa vigezo mlivyokubaliana leo. Wakikataa hilo la mwisho, umeshajibiwa.

HojaHuru

Dada, kwa heshima zote, mimi naona mnazunguka. Kifungu ulichokitaja kinasema miaka 2. Ikiisha, kijana akodi chumba, aweke kibao chake, ale jasho lake. Kwa nini asubiri miaka 8 au 10 akibembeleza wazee wampe asilimia ndogo ya kampuni ambayo yeye ndiye anayeifanyia kazi?

WakiliWaMalindi

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na sitaki kuipuuza. Wapo wanaofanikiwa hivyo, na kampuni zinazowashikilia vijana kwa ahadi zisizoandikwa zinastahili kuachwa. Lakini tuyatazame anayoyabeba aliye peke yake. Akiugua wiki moja, kesi zake za wiki hiyo hazina mtu. Akipewa mauzo makubwa, wakili wa upande wa pili ataipima ahadi yake ya kitaaluma kwa nguvu ya mtu mmoja, na benki hufanya vivyo hivyo zinapochagua mawakili wa kuandaa rehani. Hana wa kumsomea rasimu kabla haijatoka. Nami nimeshuhudia kwamba mashaka ya pesa za wateja huzaliwa pale ambapo mtu mmoja ndiye anayepokea, anayeandika na anayetoa, huku pango likimdai mwisho wa mwezi. Kesi za namna hiyo huishia kwenye Jopo la Nidhamu, na huko anaweza kusimamishwa kazi au hata jina lake likafutwa katika Orodha.

Kwa hivyo simwambii kijana asubiri tu. Namwambia apime kama kampuni aliyomo ina desturi ya kuwapandisha watu. Atazame walioajiriwa kabla yake wako wapi. Kama wote waliondoka mwaka wa 4 au wa 5, hata awe hodari namna gani, mlango ule haufunguki. Hapo ni afadhali aondoke mapema, na ikiwezekana aondoke na mwenzake waanzishe ubia wao wawili, kuliko kuwa peke yake.

BintShela

Shikamoo. Nimesoma yote na swali langu ni la haraka. Wabia wameniita wakaniambia kwamba kuanzia mwaka ujao mimi ni mbia na jina langu litawekwa kwenye barua za kampuni. Mshahara utabaki ule ule na kuongezwa kidogo. Hawakuzungumzia hati yoyote. Nyumbani wameshafurahi na mama ameshawaambia jamaa. Nikubali?

WakiliWaMalindi

Marahaba mwanangu, na hongera, kwa sababu hakuna aitwaye bila kuonekana. Lakini usijibu bado.

Unachopewa ni ubia wa jina. Si kitu kibaya kwa asili yake, na kampuni nyingi huutumia kama kipindi cha kupimana. Hatari yake ni kwamba anayesoma barua yenye jina lako miongoni mwa wabia ana haki ya kuamini kwamba wewe ni mbia, na anaweza kukudai kama mbia. Katika ubia wa kawaida, wabia hudaiwa madeni ya kampuni kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na anayeondoka haachwi na madeni yaliyoingia akiwa ndani. Utakuwa umeweka nyumba ya baadaye rehani kwa nyongeza ndogo ya mshahara, bila kura na bila mgawo wa faida.

Kwanza uliza kama kampuni ni ubia wa kawaida au ni ubia wenye dhima ya kikomo uliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Katika huu wa pili, mbia habebi deni la kampuni kwa sababu tu ya kuwa mbia, ingawa makosa yake mwenyewe hubaki yake. Pili, omba kuona hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 iliyopita, madeni ya benki, malimbikizo ya kodi, na orodha ya ahadi za kitaaluma ambazo hazijatimizwa. Hiyo orodha usiiache. Kuna ofisi ambazo hazinayo kabisa, na kukosekana kwake ni jibu. Tatu, uliza bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipa wakili akidaiwa kwa kosa la kazi, inafika kiasi gani na kama itakulinda kwa mambo yaliyofanywa kabla hujaingia.

Kisha omba hati ya ubia. Iseme utatakiwa kuweka mtaji kiasi gani na kama unaweza kuulipa polepole kutoka katika faida. Mgawo wako ni upi na utabadilika lini. Nani anatia sahihi hundi. Likizo ya uzazi itahesabiwaje katika mgawo, jambo ambalo wanaume wanaoandika hati hizi hulisahau na ambalo wewe hulazimiki kuona haya kulitaja. Mtu akifa au akistaafu, mtaji wake unarudishwa kwa muda gani. Na kama bado ni ubia wa jina, basi waandike kwamba watakufidia kwa deni lolote la kampuni utakalodaiwa kwa sababu ya jina lako kuwa kwenye barua.

Wabia waungwana hawatakasirika kwa maswali haya, kwani ndiyo maswali ambayo wangetaka uyaulize kwa niaba ya mteja. Mama mwambie mazungumzo yanaendelea. Rasimu ikitoka, mpelekee wakili asiyekuwa wa kampuni hiyo aisome kabla hujatia sahihi, na umlipe ada yake kamili.